Mmoja Aende, Mmoja Abaki

Mtandao ulihama. Naanza na hilo ili nisimweke mtu roho juu. Kila mashine ya kampuni yetu ilipata anwani yake mpya, na Jumatatu asubuhi watu waliingia kazini, wakawasha kompyuta zao, wakaanza kulalamikia mambo mengine. Ninachotaka kusimulia ni Jumamosi iliyotangulia, na mwanamke aliyekuwa akikaa kwenye meza iliyotazamana na yangu.

Tulikuwa wawili tu katika chumba cha mitambo ya kompyuta. Kampuni yetu inanunua alizeti na kukamua mafuta. Ofisi iko mjini Dodoma, ghala na mizani viko Ihumwa. Mimi ni mtu wa kuja, kama nusu ya Dodoma ya siku hizi. Nimetokea Iringa, nimepanga Ipagala, na mpaka leo sijazoea vumbi la huku. Yeye alikuwa Mgogo wa hapa hapa, mzaliwa wa kijiji kilicho mbele ya Msalato, unaacha lami na kushika njia ya mchanga. Mhehe na Mgogo ni watani toka enzi za mababu, kwa hiyo hatukuhitaji muda wa kuzoeana. Siku niliyoripoti kazini alinitazama toka juu mpaka chini, nikiwa na sketi yangu ya usaili, akamwambia meneja, "Bosi, umeniletea Mhehe bila kuniuliza? Wana hasira hawa. Mikasi yote naifungia kabatini."

Nikamjibu kwamba sasa nimeelewa kwa nini mawingu ya mvua yakifika Dodoma yanapita juu juu kwenda kwa wenye akili. Akacheka mpaka akashika meza. Toka hapo tukawa hivyo. Alikuwa ananiita Mhehe, mimi namwita Mgogo, na wafanyakazi wengine wakatuita mapacha, ingawa yeye alikuwa mfupi mweupe na mimi nimerefuka kama nguzo.

Sasa nieleze kazi yetu ilivyokwenda, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mtandao wa ofisi hauwezi kufanyiwa kazi kubwa watu wakiwa wanautumia. Ukigusa ruta saa nne asubuhi, mtu wa mizani anapiga simu anafoka kwamba lori limesimama. Jumapili nayo utamkuta mmoja amekuja "kumalizia kitu kidogo." Na usiku meneja hakutaka wanawake wawili tubaki peke yetu kwenye jengo, na sikumlaumu kwa hilo. Siku moja tu ndiyo ofisi yetu inakuwa tupu kweli: siku ya msiba. Mfanyakazi akifiwa na mama, baba, mtoto, hata mjomba aliyemlea, tunafunga. Kosta inakodiwa, kina mama wanajifunga vitenge, ghala linafungwa, watu wote wanakwenda kuzika. Anabaki mlinzi getini.

Basi kazi zote kubwa tulizifanya siku za misiba. Kubadilisha nyaya, kufunga swichi mpya, kuhamisha seva. Hatukuona ni dhambi. Tulikuwa na utaratibu wetu: mmoja aende, mmoja abaki. Anayekwenda anawakilisha wawili, anayebaki anafanya kazi ya wawili.

Mwanzoni tulipeana zamu. Baadaye zamu zikafa zenyewe, kwa sababu mimi misiba iliniwia vigumu. Sijui kulia na watu nisiowajua. Sijui kukaa mkekani nusu siku nikinyamaza. Mara moja nilipelekwa jikoni kusaidia, nikagombana na mama mmoja aliyetaka kunifundisha kukoroga ugali, mimi mtu mzima mwenye watoto. Niliporudi nikasimulia, Mgogo akapiga meza. "Wewe usiende tena," akasema. "Utatufanya tuzikwe na manispaa. Misiba niachie mimi, wewe zungumza na mashine zako."

Na kweli alikuwa anaiweza. Alijua wa kumkumbatia na wa kumpa mkono tu. Alijua wimbo upi unaanzishwa wakati kaburi likifukiwa na watu wameanza kuchoka. Rambirambi yangu aliipeleka pamoja na yake, akarudi jioni na vumbi miguuni kunieleza nani alizimia, nani alikuja na viatu vya harusi, chakula kilikuwaje. Kisha anauliza, "Haya, na wewe swichi umeifunga?" Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote ile.

Asubuhi ya kila msiba, kabla ya kupanda Kosta, alikuwa anapita mlango hadi mlango na mfuko wa nailoni, anakusanya funguo za vyumba ili nibaki nazo. "Funguo jamani, funguo. Kule mnakokwenda hakuna milango." Watu wanacheka, wanatumbukiza. Mfuko anautundika kwenye kitasa chetu, anajifunga kitenge chake, anaondoka.

Mwaka huu kampuni yetu ikaungana na kampuni kubwa ya Dar es Salaam. Wao ndio wakubwa, sisi ndio tuliomezwa, tusidanganyane. Walipotaka kuunganisha mtandao wao na wetu ikaonekana kwamba sote tunatumia anwani zile zile, za 192.168.1, ambazo kila fundi mvivu duniani huziacha kama zilivyotoka kiwandani. Ni kama mitaa miwili yenye jina moja na nyumba zenye namba zile zile. Mtu wa Dar akiita mashine yetu namba kumi, kompyuta yake inatazama kwanza mtaani kwake, inakuta namba kumi ipo, inaishia hapo hapo. Sisi hatufikiwi. Na kwa kuwa wao ndio wenye mali, sisi ndio tulipaswa kuhama. Wakatupa anwani mpya, zinazoanza na 10.40, na tarehe: Jumatatu wahasibu wao lazima waione seva yetu.

Tuliipanga kazi hiyo tukiwa wawili, lakini yeye akiwa tayari mgonjwa. Figo. Alianza kwa kuvimba miguu, akasema ni viatu. Ilipofika wakati wa kwenda hospitali kusafishwa damu kila wiki, bado alikuja kazini siku za katikati, amevaa sweta kwenye jua la Dodoma. Nilimgombeza. Nilikuwa namgombeza kwa kila kitu wakati ule, kwa chumvi, kwa sweta, kwa kupanda ngazi, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumfanyia. Tarehe ya kuhamisha tuliisogeza, tukaisogeza tena. Msiba haukutokea ofisini. Watu wote walikuwa na afya isipokuwa yeye.

Alipolazwa nilikwenda kila jioni. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani, mdomo umekauka, nikamweleza kwamba watu wa Dar wamekataa kuongeza muda. Akasema, "Mbona rahisi? Nisubirini nife. Ofisi itakuwa tupu, utahamisha kwa raha zako."

Ni utani, na utani haujibiwi kwa kulia. Nikamwambia, "Kufa uone. Nitakuja kulala ndani ya kaburi lako, hawakufukii mpaka ndugu zako wanipe mbuzi. Na sitaki mbuzi wa Kigogo aliyekonda kama wewe."

Alicheka mpaka nesi akaja kututazama. Nilitoka pale nikalia ngazini, nikajifuta, nikaenda zangu Ipagala kuwapikia wanangu.

Akafa Alhamisi. Nilipigiwa simu nikiwa ofisini, na niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira. Nilimkasirikia yeye, kama mtu aliyetoka kwenye kikao bila kuaga. Machozi yalikuja baadaye, nilipoona kikombe chake mezani kikiwa na majani ya chai yaliyokauka chini.

Ijumaa meneja akaniita. Si mtu mbaya. Alinipa kiti, akanipa pole, akageuza kalamu. Nikajua.

"Dada, mazishi ni kesho kijijini kwao," akasema. "Ofisi yote tunakwenda."

"Najua. Nimeshatoa kitenge changu."

"Sasa, lile la mtandao. Jumatatu hao."

"Bosi, usiniambie."

"Nakuelewa. Lakini tarehe si yangu, ni ya wenzetu wa Dar. Na kesho hapa hapatakuwa na mtu." Akainua macho. "Na ninyi wenyewe si ndivyo mnavyofanyaga siku zote?"

Mimi ni mwepesi wa maneno, kila mtu anayenijua atakwambia. Siku ile nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hamwambii bosi wake. Nilimuuliza kama siku akifa mama yake nitamtuma akapime alizeti. Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu kwamba hana mtu mwingine anayeweza kuifanya kazi hiyo, na kweli hakuwa naye, maana mwingine alikuwa mochwari. Nikatoka nimebamiza mlango.

Ninataka ieleweke nilichokuwa nakitaka, hakikuwa kikubwa. Nilitaka kwenda kuzika mara hii mwenyewe. Miaka yote ile mwenzangu alikuwa amezika watu kwa ajili yangu, watu ambao sura zao siwezi hata kuzikumbuka. Huyu mmoja nilimjua. Nilijua anavyopiga chafya, nilijua anaficha pilipili kwenye droo. Nilitaka kusimama pale, niokote udongo kwa mkono wangu, nimtupie, basi. Hicho tu. Na nilijua kwamba nisipokifanya siku ile hakitafanyika tena, kwa maana mtu anazikwa mara moja.

Jumamosi Kosta ikaondoka. Niliwaona kutoka ngazini, wamejipanga na vitenge vyao, wengine wanakwepa kunitazama. Mhasibu wetu, mama wa makamo aliyefanya kazi pale muda mrefu kuliko sote, aliteremka tena akanishika bega. "Nitakusemea kwa mama yake," akasema. Likageuka gari, likashika barabara ya Kondoa, likapotea.

Nikaingia kazini kama mtu anayepigana. Nilipanga nimalize haraka, nichukue bodaboda, niwahi hata kwenye kufukia. Watu wa Dar walikuwa kwenye simu wananisubiri kila hatua. Nikaanza na ruta, ikakubali. Swichi kubwa ya chumbani kwetu, ikakubali. Kamera, printa ya mapokezi, mashine ya alama za vidole mlangoni, zote nikazipa anwani za 10.40 na zote zikaitikia. Moyo ukaanza kunipa kwamba nitawahi. Ilibaki seva ya mahesabu, ambayo ndiyo yenyewe, ndiyo waliyoitaka Dar, na pembeni yake sanduku la nyaya linaloleta mawimbi ya Ihumwa. Seva ile ni ya kizamani, haikubali kubadilishwa kwa mbali. Lazima uende pale ilipo, uichomeke kioo cha kompyuta na kibodi. Nayo imewekwa chumbani kwa mhasibu, kwa sababu ndicho chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi.

Nikachukua kioo kwapani, nikaenda, nikashika kitasa. Mlango umefungwa.

Nikaenda mlango wa pili, nao umefungwa. Wa meneja, umefungwa. Nikarudi chumbani kwetu kuchukua mfuko wa funguo, nikatazama kitasa, hapakuwa na mfuko. Nilisimama pale nikitazama kitasa kitupu, na ndipo nikaelewa. Hakuna aliyepita na mfuko asubuhi ile. Kila mtu alifunga chumba chake, akatia ufunguo kwenye mkoba, akapanda gari kwenda kumzika yule aliyekuwa akizikusanya. Wala hawakujua kama wamesahau kitu, kwa kuwa haikuwa kazi yao kukumbuka. Na mimi niliyekuwa nimesimama ngazini nikiwatazama wanavyoondoka, nilikuwa nakumbuka kila kitu cha marehemu isipokuwa hicho.

Nikakaa chini kwenye korido, kioo mapajani, nikalia kwa sauti. Nilikuwa sijalia hivyo toka Alhamisi. Mlinzi alikuja mpaka mlangoni, akaona, akarudi getini kwake.

Nilipopata pumzi nikampigia meneja. Alipokea kwa kunong'ona, nyuma yake kwaya inaimba. Nikamweleza: nusu ya ofisi imeshahama, nusu haijahama, na kilichobaki kiko nyuma ya mlango wa mhasibu.

"Usivunje mlango," akasema.

"Sivunji. Nitumie ufunguo."

"Nitumie na nani? Kosta iko huku, pikapu ndiyo iliyobeba jeneza." Nikamsikia anamuuliza mhasibu, kisha akarudi. "Anao kwenye mkoba. Njoo uuchukue mwenyewe, dada. Uchukue ugeuke."

Watu wa Dar nikawaambia wasubiri, nimefuata ufunguo. Mmoja akauliza uko mbali? Nikamwambia uko makaburini. Nikachukua kitenge changu kwenye begi, nilikuwa nimekuja nacho hata hivyo, nikakimbilia barabarani.

Mwenye bodaboda alikuwa baba mmoja mwenye ndevu nyeupe na koti la baridi. Nilipomtajia kijiji akasita, akasema njia ile ina mchanga mwingi. Kisha akaniuliza, "Unawahi nini huko, mama?"

Meneja na Dar wote nilikuwa nimewaambia nafuata ufunguo. Huyu sikumwambia hivyo. "Ninawahi kuzika," nikamwambia.

Hakuuliza tena, wala hakupatana bei. Aliwasha pikipiki tukaondoka. Tulipita Msalato, kwenye uzio wa uwanja mpya wa ndege, malori ya kokoto yakitufunika vumbi. Tulipoacha lami upepo ukatupiga ubavuni. Kiangazi cha Dodoma, mashamba yamebaki mabua matupu ya alizeti. Mchangani pikipiki iliyumba, mara mbili nikashuka nikatembea yeye akiisukuma. Simu haikushika kwenye njia ile. Nilikuwa natazama jua na kukisia: sasa wasifu umesomwa, sasa salamu za wafanyakazi, sasa mchungaji, sasa wanateremsha. Niliomba njia nzima. Mimi si mtu wa kuomba sana, lakini nilisema, Mungu, nichelewe kwa kila kitu kingine.

Tulipokaribia niliona maturubai na pikapu yetu kwenye kivuli. Nilitega sikio nisikie nyimbo. Kimya. Msiba ukiwa kimya namna ile, maana yake ni kwamba umekwisha, watu wamekaa kula. Nikajifunga kitenge nikitembea, nikazunguka nyumba kuelekea shambani kwenye kaburi, nikawakuta.

Watu wote walikuwa wamesimama. Jeneza lilikuwa juu ya kamba, pembeni mwa shimo, halijateremshwa. Mchungaji amefunga kitabu amekishika kifuani, vijana wa kuteremsha wamechuchumaa. Hakuna aliyeimba. Walikuwa wamesimama tu juani, na nilipotokea vichwa vyote vikanigeukia.

Mhasibu alinijia haraka, akanikumbatia, na katika kunikumbatia akanitilia ufunguo kiganjani. "Mama yake amekataa," akaninong'oneza. "Bosi aliniambia kwamba uko njiani, mama akasikia. Akasema hafukiwi mtu hapa mpaka mtani wake afike. Mchungaji kamsihi, wajomba wamemsihi, wapi."

Nilimtazama meneja. Alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye, mhasibu na mimi tulijua nilichotumwa. Umati wote ule uliosimama mbele ya jeneza ulijua kwamba nimekuja kumzika mtani wangu. Na huo ndio ulikuwa ukweli, hata kama nilipata ruhusa kwa sababu ya kitasa.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na shimo, mwembamba, amejifunika kaniki. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole. "Ni wewe Mhehe?"

"Ni mimi, mama."

"Nimeambiwa una maneno mengi."

Nikajua wananisubiri niseme. Mtani msibani ana kazi yake. Anamcheka marehemu, anawasumbua wafiwa, anadai, mpaka waliokauka kwa kulia wapate kucheka kidogo. Mtani wangu alikuwa amenizikia watu miaka yote, hakuna siku aliyoshindwa kazi hiyo. Nikasimama, nikafungua kinywa niwadai mbuzi. Badala yake nikaangua kilio mbele ya watu wote, kilio kibaya, cha kamasi.

Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Haya, Mhehe analia. Mwaka huu mvua itanyesha." Watu wakacheka kidogo, cheko la kuchoka, na mama yake naye akatabasamu. Walinisaidia kazi yangu, nawashukuru.

Wakateremsha. Mchungaji akasema maneno yake ya mavumbi. Mama alitangulia kutupa udongo, kisha wajomba, kisha akaninyooshea kidole mimi, kabla ya meneja, kabla ya wafanyakazi wote. Nikainama nikachota konzi ya udongo. Ulikuwa mkavu, unapenya kwenye vidole. Nikautupa, ukagonga mbao. Nilichokuwa nimekitaka kikawa kimekwisha, kilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nikageuka nipishe wengine.

Mhasibu akanishika mkono. Yeye hakukosa msiba hata mmoja wa ofisi yetu, na kila mara alisimama karibu na mtani wangu. "Tupa na wa pili," akaniambia. "Yeye alikuwa anatupa mara mbili siku zote. Wa kwanza anautupa kimya. Wa pili anasema, huu ni wa mwenzangu aliyebaki ofisini."

Sikuwa najua. Katika yote aliyokuwa akinisimulia jioni, nani kazimia, nani kavaa nini, hilo hakuwahi kunisimulia.

Nikainama tena, nikachota. Mkono ukajaa. Nikasimama ukingoni niseme ni wa nani, kama alivyokuwa akisema yeye, nikamtafuta wa kumtaja. Ofisini hakukuwa na mtu.

"Tupa tu, mwanangu," mama yake akasema. "Watu wako juani."